Sanda Isiyokaa Sandukuni

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeniamsha alfajiri ya leo nikiwa na fahamu zangu, magoti yakiuma lakini yakikubali bado kusujudu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, jamaa zake na wema wote waliofuata njia yake. Baada ya hayo, nawaandikia ninyi wa rika langu, ambao mkitaka kuinuka kwenye mkeka mnatanguliza kwanza mkono mmoja chini, na ambao vijana wakiwaaga huwaambia, "Mungu akupe umri mrefu." Nataka niwasimulie kwa nini mimi nikiambiwa hivyo huwa nachelewa kuitikia.

Ijumaa iliyopita nilifungua sanduku langu la bati nitoe nguo nizianike. Huku Makuyuni mvua zimekuwa nyingi na kila kitu kinashika ukungu. Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, akaingiza kichwa sandukuni, akavuta pumzi, akasema, "Bibi, sanduku lako linanuka kama dawa ya mafua." Ilikuwa kafuri. Akashika kitambaa cheupe kilichokunjwa chini kabisa. "Na hiki cha nini? Una harusi?"

"Ni nguo yangu ya safari," nikamjibu.

Maneno yaliponitoka nikajua si yangu. Yalisemwa mbele yangu kule Kwedizinga, nikiwa mdogo kuliko huyu mjukuu, na bibi yangu mzaa baba. Nikakaa kitandani na kitambaa mapajani, harufu ile ikinipanda kichwani, na nguo za kuanika nikazisahau mpaka jua likafunikwa na mawingu.

Bibi yangu alikuwa mwosha maiti. Mwanamke akifariki kijijini kwetu au vijiji vya jirani, aliitwa yeye. Watoto wenzangu hawakupenda kupokea kitu mkononi mwake, hata muwa. Mimi nilikula bada, ule ugali wa muhogo, lililofinyangwa kwa mkono ule ule, na nililala naye kitanda kimoja cha kamba, pua yangu kwenye nywele zake. Chini ya kitanda kulikuwa na sanduku la bati lenye sanda yake mwenyewe. Harufu ya kafuri, ile wanayotiwa maiti, ilipenya kwenye kamba, ikaingia kwenye shuka na nywele zangu. Wengine wakikumbuka bibi zao hukumbuka moshi wa kuni au mafuta ya nazi. Mimi nakumbuka kafuri, na kwangu ilikuwa harufu ya usingizi mzuri.

Kila baada ya masika aliitoa ile sanda ya bafta nyeupe, akaitundika kwenye kamba mle mle chumbani, si nje, isionwe na wapita njia. Aliniita "mke mwenzangu," kama mabibi wanavyowatania wajukuu wa kike, ingawa mume tuliyechangia, yaani babu, alishafariki kabla sijazaliwa.

"Mke mwenzangu, njoo nikuonyeshe mali yangu," alisema mara ya kwanza. Akagusa vipande kimoja kimoja. "Hii ya kiunoni. Hii kanzu. Huu ushungi. Na hizi mbili kubwa za kunifunika mwili mzima. Wanaume wao hupewa tatu tu, za kufunikwa basi. Sisi Mungu ametusitiri zaidi."

"Utavaa lini?"

"Siku yangu ikifika."

"Utajuaje kama imefika?"

"Nikiona nimeivaa." Akacheka mpaka akakohoa, akajishika mbavu.

Mimi sikucheka. Nilikuwa na akili yangu ya kitoto na niliitumia yote. Nguo za Idi zilinunuliwa kwanza, ndipo Idi ikaja. Hilo nililiona kwa macho. Na mwaka mmoja nguo zilipokosekana, Baba alitukalisha akasema, "Wanangu, mwaka huu hakuna Idi." Kwa hiyo kwangu jambo lilikuwa wazi. Nguo ndiyo huleta siku. Sanda ikiwa sandukuni, siku ya Bibi iko njiani. Isipokuwepo, haiwezi kuja.

Mnaikumbuka miaka ile ya dhiki. Mche wa sabuni ulikatwa kwa uzi wagawane majirani. Tulikula unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, na foleni ya duka la kijiji ilianza kabla ya jua, watu wakiweka mawe kushika nafasi zao. Nguo ndiyo ilikuwa shida kuliko yote. Kuna waliokwenda shamba wamejifunga gunia, wakasubiri giza ndipo warudi nyumbani. Aliyekufa naye alihitaji nguo, na hakuweza kusubiri foleni.

Siku moja adhuhuri alikuja Athumani, kijana aliyelima jirani na shamba letu. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Karibu, mwanangu," Bibi akasema. "Mbona umesimama kama mdai?"

"Bibi, Mwajuma ametutoka. Uzazi." Akatazama miguu yake. "Nimezunguka tangu asubuhi. Hakuna hata kipande cha bafta. Sijui nimzike na nini."

Bibi alinigeukia akaniambia, "Mke mwenzangu, nivutie sanduku."

Baba alikuwa uani akichonga mpini wa jembe. Alisikia bati likiburuzwa sakafuni, akaingia haraka. "Mama, hiyo ni yako."

"Mimi natembea, Yusufu. Yeye amelala. Mwenye haja ya nguo ni nani?" Akamwekea Athumani bafta mikononi. "Mtoto yu hai?"

"Yu hai, Bibi. Wa kiume."

"Basi tangulia. Nakuja kumwosha mkeo."

Nilikaa juu ya sanduku tupu nikaning'iniza miguu, moyo wangu mwepesi kabisa. Watu walikuwa wanalia nyumba ya pili, na mimi nilikuwa nafurahi. Bibi hakuwa na nguo, basi Bibi hafi.

Baba alihangaika miezi kadhaa akampatia bafta nyingine. Nayo haikukaa. Ilimsitiri mama mzazi wa mwalimu wetu. Iliyofuata ilimsitiri msichana aliyeumwa na nyoka akipalilia. Habari zilienea kwamba kwa mwosha kuna sanda, na waliofiwa walikuja moja kwa moja kwetu. Bibi alikuwa anafungua sanduku, anatoa, anafunga, kisha anasema kwa sauti ya mtu aliyefika kituoni akaambiwa gari limeshapita, "Haya. Bado hajaniita." Na kila iliporudi nyingine mle ndani, mimi nilikosa raha mpaka itoke.

Chuoni, tulikosoma Kurani, mwalimu alitufundisha kuwaombea wazee wetu umri mrefu. Nililishika jambo hilo kwa mikono miwili. Kila baada ya magharibi niliinua viganja nikaomba kwa sauti ili Mungu asikie vizuri. Jioni moja Bibi alikuwa anapukuchua mahindi, akaacha, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Unaomba nini kwa nguvu hivyo?"

"Mungu akupe umri mrefu, Bibi. Uishi, uishi, uishi."

"Punguza."

Nikadhani ni sauti. Nikarudia kwa kunong'ona.

"Si sauti, mke mwenzangu. Punguza umri." Akasogeza ungo. "Kaa hapa. Unamjua Hassani?"

"Hapana."

"Ni baba yako mkubwa. Nimemzika. Unamjua Mwanaisha? Shangazi yako. Nimemwosha kwa mikono hii, na ndiye niliyemzaa. Unamjua Rashidi?" Nikatikisa kichwa. "Huyo naye. Sasa amebaki Yusufu, kitindamimba wangu, huyo baba yako. Mimi simwombi Mungu vitu vingi. Namwomba Yusufu anishushe kaburini. Anishike kichwa, anilaze ubavu, atoke anifukie. Sitaki mimi nimfanyie hivyo yeye. Kwa hiyo ukiniombea umri, Mungu asije akakusikia kupita kiasi."

Niliona amenikasirikia. Nililala nimempa mgongo. Nilijiuliza kwa nini bibi yangu anataka kuniacha, na nilihisi labda nakojoa kitandani kupita anavyoweza kuvumilia.

Kijijini nako maneno hayakukosekana. Mtu akiishi sana na wanawe wakafa, macho ya watu humgeukia. Mnajua huku kwetu wanavyomfikiria mwanamke wa namna hiyo, na mnajua baadhi yao wamefanywa nini. Tulikuwa kisimani, na jirani yetu Bi Mwanakombo, mwanamke mwenye mdomo, akaniambia mbele ya wote, "We mjukuu wa mwosha, mwambie bibi yako ashibe basi. Amekula miaka ya wanawe wote na bado anatembea."

Nilifikiri, nikamjibu kwa adabu. "Bibi hana meno. Hata mahindi ya kuchoma tunamtwangia."

Wanawake walicheka, mmoja akamwaga ndoo yake. Nilirudi nyumbani nimekunja uso nikamweleza Bibi yote, jinsi nilivyomtetea. Naye alicheka, ufizi wote nje.

"Mwambie Bi Mwanakombo nimemsikia. Na asiwe na haraka. Yeye naye nitamwosha."

Lakini alasiri hiyo alikaa kwenye mkeka muda mrefu baada ya kutoa salamu ya sala, kisha akaninyooshea mkono nimsaidie kuinuka.

Baada ya mavuno Baba alitupeleka Korogwe, mimi na Bibi, tumepanda juu ya magunia ya mahindi kwenye lori. Kulikuwa na duka la nguo la mtu mmoja wa asili ya Kihindi, Mwislamu, tuliyemwita Bwana Gulamu. Mama yake, Bi Sakina, alikuwa anashinda nyuma ya kaunta kwenye kiti kifupi, tasbihi mkononi, mguu mmoja umevimba ameuweka juu ya mto. Alikuwa amezaliwa pale pale Korogwe, na yeye na Bibi walijuana tangu usichana wao.

"Hujafa tu, wewe?" Bi Sakina alisema tulipoingia.

"Nimekuja kukuuliza hivyo hivyo."

"Mimi nilishajiandaa. Huyu mtoto analeta madaktari."

Baba akamwamkia, "Shikamoo, mama," kisha akamwuliza Bwana Gulamu kama kuna bafta. Akasema hakuna, miezi sasa, hata nguo ya shule hana. Rafu zake kweli zilikuwa na vumbi tu na vibiriti.

"Iko jora yangu kule juu," Bi Sakina akasema bila kufumbua macho. "Ishushe. Mkatie mwenzangu."

"Mama, ile ni ya kwako."

Wale wazee wawili wakatazamana wakaangua kicheko. "Umesikia?" Bibi alisema. "Na wangu husema hivyo hivyo. Nani anawafundisha?"

Bwana Gulamu alipanda ngazi akiguna. Bafta ilipokuwa inachanwa, mlio wake ukijaa dukani, Bi Sakina aliuliza, sasa kwa sauti ya chini, "Nani atakuweka?"

"Huyo," Bibi akasema, akamwonyesha Baba aliyekuwa nje anafunga mizigo, shati limelowa mgongoni, anacheka na makuli.

"Mimi ninaye huyu mnene. Wasiwasi wangu ni kama tutatosha wote wawili kaburini." Akavuta tasbihi. "Tuna bahati, dada."

"Tunayo," Bibi akasema. "Tukiondoka upesi."

Nililala njia nzima ya kurudi kichwa changu kwenye kifurushi kile kipya, na nilikichukia.

Msimu wa pili Baba alikwenda Mkumbara kuuza mahindi kando ya barabara kuu, kama alivyofanya kila mwaka. Alirudishwa na lori, amelala juu ya turubai, macho yamekuwa ya njano kama unga ule wa yanga. Akapelekwa hospitali, akalazwa, akarudishwa nyumbani tumuuguze. Alikuwa mtu wa kelele, Baba yangu, wa kuimba akichonga mipini, na sasa ukimsemesha ulisubiri jibu kama unayesubiri maji yachemke. Mama alimlisha uji kwa kijiko. Bibi alikaa miguuni pake amezishika nyayo zake, kana kwamba angeweza kumzuia kwa kumshika huko.

Siku moja nilipita nyuma ya nyumba nikamsikia Bibi anaomba. Hakuomba kwa Kiarabu alichojifunza. Aliomba kwa Kizigua, kama mtu anayezungumza na mwenye nyumba. Alisema, "Umekosea mlango. Zamu ni yangu mimi. Mimi ndiye niliye tayari, nguo iko sandukuni, njoo huku." Kisha akaogopa alichosema, akaanza kuomba msamaha, akajipiga kifua taratibu, akaomba tena kile kile.

Baba alifariki baada ya alasiri, kuku wakiwa bado wanaparua uani.

Wanaume walikusanyika. Maji yakatekwa, wachimbaji wakatoka na majembe. Kisha shughuli ikasimama, na hakuna aliyesema kwa nini imesimama. Kila mtu alijua bafta haipo dukani, na kila mtu alijua iko wapi. Walitazama chini. Athumani alikuwa miongoni mwao, amempakata mtoto wake wa kiume aliyekuwa ameshaanza kuzungumza. Hakuna aliyekuwa na uso wa kwenda kumwambia Bibi.

Bibi akatoka mwenyewe nayo mikononi. Alikaa mkekani, akaitandaza, akaanza kutenga. Ile ya kiunoni akaiweka upande. Zile mbili kubwa akaziweka juu yake. "Tatu," akamwambia shekhe. "Zinamtosha. Alikuwa mrefu, lakini zitamtosha." Vikabaki ushungi na kanzu, vile vipande ambavyo mwanamume hapewi. Akavikunja mapajani, akavilaza viganja juu.

Nami nikaona wajibu wangu. Bibi yangu alikuwa amekaa peke yake, na mimi nilikuwa na habari njema ambayo wengine hawakuwa nayo. Nikaenda nikamkumbatia shingoni, nikasema, na nilisema kwa sauti, "Bibi, usilie. Nguo imetoka. Sasa hutakufa tena."

Mama alinivuta mkono kwa nguvu. Mwanamke mmoja akaguna kama aliyechomwa. Bibi akasema, "Mwache. Amesema kweli." Akanitazama, na sikuwahi kuyaona macho yale kabla. "Ndiyo, mke mwenzangu. Sasa sitakufa."

Na hakufa. Miaka ilipita mpaka nikavunja ungo, mpaka nikaposwa, na Bibi yupo. Ule ushungi aliobakiza alinikunjia pindo kwa mkono, akanipa nivae chuoni. Wenzangu walishika pua, wakasema nanuka maiti. Nilikuwa nimekwisha kuelewa kidogo kidogo, kama mtoto anavyoelewa, bila siku maalumu ya kuelewa. Niliacha kumwombea. Ikifika magharibi niliinua viganja nikavitazama vitupu, kwa sababu kumwombea aishi nilishindwa, na kumwombea afe nilishindwa pia.

Tuliopewa elimu kidogo ya dini tunafundishwa kuomba kinga dhidi ya ule umri dhalili, mtu asijue tena baada ya kuwa alijua. Bibi aliomba kinga hiyo na akapewa. Macho yalikwenda, miguu ikaenda, meno yalishakwenda, lakini fahamu hazikuguswa. Mungu anisamehe, wakati mwingine nilitamani angesahaulishwa. Alikumbuka kila kitu. Alfajiri aliwataja wanawe kwa majina, kwa mpangilio alivyowazaa, na alipofika kwa Yusufu sauti ilikuwa inakatika pale pale, miaka yote, kama redio inayofika mahali ikapoteza mawimbi.

Mama yangu, aliyemaliza eda akiwa bado mwanamke kijana, aliposwa na watu wazuri akakataa, kwa kuwa hakukuwa na wa kumwachia Bibi. Alimwogesha, akambadilisha, akamgeuza ubavu. Yule aliyewaosha wengine sasa aliogeshwa akiwa hai. "Unaniosha mapema, binti yangu," alimwambia Mama, na siku nyingine ilikuwa utani, na siku nyingine aligeuza uso ukutani. Namshukuru Mungu kwa Mama. Lakini niliwahi kumkuta jikoni amekaa mbele ya moto uliozimika, mikono imelegea, anamlilia mtu ambaye hayuko. Uzee wa mtu mmoja hubebwa na mgongo wa mwingine, nami niliuona mgongo huo ukipinda.

Bi Mwanakombo alipofariki, Bibi alidai apelekwe. Tukambeba na kiti chake. Hakuona, hakuweza kuinama, kwa hiyo mimi ndiye niliyeosha, na yeye alinielekeza kwa maneno: upande wa kulia kwanza, taratibu, usimfunue, mmiminie kama anasikia. Alinyoosha mkono akapapasa mpaka akaupata uso wa jirani yake. "Nilikwambia nitakuosha," akamwambia kwa upole sana. "Wewe nawe ukaharakisha." Akalia. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kazi hii ninayoifanya mpaka leo.

Siku ya Bibi ilipokuja, maduka yalikuwa yamejaa bafta, jora kwa jora, hakuna anayeitazama. Tuliinunua yote mpya isipokuwa kipande kimoja. Ule ushungi wangu wa chuoni nilikuwa nimeutunza, umechakaa pembeni, umefuliwa mpaka umekuwa laini kama ngozi ya mtu. Ulikuwa wake tangu mwanzo. Niliufua, nikaufukiza udi, nikamfunika nao nywele zake, mle mle nilimokuwa nazika pua yangu nikilala.

Sisi wanawake hatukwenda makaburini. Yaliyotokea huko nilisimuliwa na shekhe jioni ile. Jeneza lilipowekwa chini, akasema, "Wanawe waingie." Alisema kwa mazoea, kisha akakumbuka kuwa wameshazikwa wote. Wanaume wakatazamana. Ndipo Athumani, mvi zimemjaa, akavua kandambili zake akaziweka kando, akaingia kaburini. "Mimi ndiye mtoto wake leo," akasema. "Alimvisha mke wangu." Nyuma yake akaruka kijana mrefu mwenye ndevu changa, yule mwanawe ambaye Bibi aliuliza kama yu hai. Akaingia mwalimu wetu, ambaye Bibi alimsitiri mama yake. Walimpokea, wakamshika kichwa, wakamlaza ubavu.

Nimewasikia watu wakisimulia kisa hiki kijijini kama kisa chenye mwisho mzuri. Nami nimeshukuru, na bado nashukuru kila nikisali. Lakini hakuwa Baba. Aliomba jambo moja maisha yake yote, akapewa jingine, na lile aliloomba hakupewa. Mungu anajua alichomwekea badala yake. Mimi sijui, na nimefika umri ambao siogopi kusema sijui. Mkiniuliza kama uzee ni neema au ni mzigo, nitawaonyesha mikono yangu hii, inayouma wakati wa baridi na ambayo bado inaosha, nami nitawaachia wenyewe jibu.

Basi Ijumaa ile mjukuu wangu alinisaidia kukunja nguo, tukairudisha bafta chini ya sanduku, nikaongeza kafuri. Alitakiwa arudi kwao kabla ya mvua. Mama yake, binti yangu wa pekee, alikuwa ameshikwa na homa wiki hiyo. Mtoto akanibusu mkono mlangoni, akasema kama anavyofundishwa, "Kwaheri, Bibi. Mungu akupe umri mrefu."

Nikamshika bega.

"Mama yako ameamkaje leo?"

"Hajambo, Bibi. Homa imeshuka. Ameamka amepika."

"Umemwona kwa macho yako?"

"Nimemwona. Amenigombeza."

"Basi amin," nikasema. "Amin."

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mwenyezi Mungu akupe umri unaoweza kuubeba, akupe na mtu mwema wa kukushika mkono ukiinuka. Walio wadogo kwako awabakize nyuma yako, wakuweke kwa mikono yao, na wakutaje kila alfajiri bila sauti kukatika.